KARATU IMECHOKA KUKAA MLANGONI

Wapo watu wapendao kuwaambia wananchi wa Karatu kwamba wana bahati. Husema: mji wenu uko mlangoni pa Ngorongoro, lami imefika, hoteli zimeota kama uyoga, mwataka nini tena? Sisi twawajibu kwamba akaaye mlangoni huona sahani zikipita, lakini hali.

Tazameni hesabu, ndugu. Mgeni hulipia safari yake kwao Ulaya au Marekani kabla hajapanda ndege. Katika miaka ya karibuni gari moja kushuka kreta limetozwa dola 250, mbali na kodi, na kila abiria ana kiingilio chake. Hatusemi Hazina isipate. Fedha hizo ni za nchi nzima. Lakini Karatu, inayowalaza wageni hao na kuwapikia, inabaki na nini? Inabaki na kazi za kutandika vitanda, kuosha magari na kulinda mageti usiku. Kazi hizo ni halali na hatuzidharau. Tunalodharau ni namna zinavyotolewa. Masika yakianza, kijana huambiwa arudi kwao mpaka Juni, bila mshahara, kana kwamba na tumbo lake nalo hufungwa kwa mvua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi. Ni wangapi Karatu wameiona karatasi hiyo?

Mambo haya yana mizizi. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, chini ya msitu wa Ngorongoro, na wazee wetu wakaichuma kahawa ambayo bei yake hawakuulizwa. Leo baadhi ya mashamba ya wilaya hii yana hoteli ndani yake. Babu alibeba debe la kahawa, mjukuu anabeba sanduku la mtalii, juu ya udongo ule ule. (Habari za ndugu zetu wa ndani ya Ngorongoro, na za kuhamia Msomera kulikoanza mwaka 2022, ni nzito na zataka ukurasa wake.)

Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni moja na nusu waliingia nchini. Mwaka 2020, kwa ajili ya Korona, hawakufika hata laki saba. Hoteli zilipokaa kimya, nani aliulisha mji? Ni mkulima. Ni mahindi na maharage ya Wairaqw, ni vitunguu vya Mang'ola.

Na huyo mkulima anatendewaje? Kule Mang'ola, bondeni mwa Ziwa Eyasi, watu hulima kwa maji ya chemchemi, na vitunguu vyao huvuka mpaka hadi Kenya. Mnunuzi huja na gunia, hulijaza, kisha hulishonea kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo imeikataza, lakini kilemba bado kinashonwa mchana kweupe, na mkulima hulipwa gunia moja.

Mabwana wa hoteli wana jibu lao. Husema mazao ya hapa hayana uhakika, leo yapo kesho hayapo, basi mboga na nyama ziletwe kutoka Arusha. Uongo! Kitunguu kinachokubaliwa Nairobi kimepungukiwa nini hata kisifae sahani ya mgeni Karatu? Uhakika hutokana na mkataba. Mwambieni mkulima mwezi wa kwanza mtanunua kiasi gani mwezi wa saba, kwa bei gani, kisha muone kama hatalima.

Twataka hoteli ziandikiane mikataba na vyama vya ushirika vya wilaya. Twataka mizani Mang'ola, na mwenye kilemba ashtakiwe. Twataka ushuru wa huduma unaokusanywa hotelini usomwe katika kila mkutano wa kijiji, pamoja na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu: nani kapewa, kiasi gani.

Wanachama wa Karatu, baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mwananchi ana ruhusa ya kuingia kusikiliza. Ingieni. Kabla ya siku hiyo mkamateni diwani wenu, mumpe maswali haya kwa maandishi, na mkae pale mpaka ayasome.