Dirisha la Oktoba Si la Medigap

Miongoni mwa wazee wetu waliostaafu Marekani, na watoto wao wanaowajazia fomu, kuna ushauri unaorudiwa mno: ukifika miaka 65 chukua mpango wa Medicare Advantage (Medicare, bima ya serikali ya wazee, inayoendeshwa na kampuni binafsi) usio na ada ya ziada; ukija kuugua vibaya, utahamia bima ya nyongeza, Medigap, usajili ukifunguliwa Oktoba.

Ushauri huo una mashiko. Mipango mingi ya Advantage haidai chochote zaidi ya ada ya Medicare Sehemu B (ya madaktari na matibabu yasiyo ya kulazwa), mingi huongeza meno na miwani, na sheria huweka kikomo cha gharama anazobeba mgonjwa kwa mwaka. Medigap hulipiwa kila mwezi, uwe mzima au mgonjwa, na ada yake hupanda. Kwa mwenye pensheni ndogo hilo si dogo.

Lakini huko kuhama ndiko kusikokuwepo. Kwanza, usajili wa Oktoba 15 hadi Desemba 7 humruhusu mtu kuacha Advantage na kurudi Medicare ya kawaida. Haulazimishi kampuni yoyote kumuuzia Medigap. Haki hiyo sheria ya shirikisho huitoa kwa miezi 6, kuanzia mwezi ambao mtu ametimiza 65 na Sehemu B yake imeanza. Katika miezi hiyo hawezi kukataliwa wala kutozwa zaidi kwa sababu ya saratani au figo. Ikishapita, katika majimbo mengi kampuni huuliza maradhi kwanza, na inaweza kukataa. New York na Connecticut haziruhusu hilo, na hongera kwao. Aidha, aliyeingia Advantage mara tu alipofika 65 ana miezi 12 ya kujaribu. Akijitoa ndani yake, atauziwa Medigap bila maswali.

Pili, anayerudi Medicare bila Medigap hubaki na asilimia 20 ya gharama za Sehemu B, bila kikomo. Dawa za saratani za dripu ziko humo. Usafishaji damu, mara tatu kwa wiki, nao umo.

Ni kweli, mwenye kipato cha chini anayelipiwa na Medicaid kwa kawaida hahitaji Medigap. Wengine, hasa wenye ugonjwa tayari, waanze na kalenda kabla ya jina la kampuni: isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zenye mpangilio wao, Mpango G wa Medigap, kwa mfano, una mafao yaleyale ya msingi kila unapouzwa. Kinachotofautiana ni ada, na jinsi itakavyopanda mzee akifika 80.