Kwato za Pundamilia na Ulimi wa Daktari

Methali ni hazina, lakini kila methali ina kwao. Wanafunzi wa udaktari nao wana methali zao, wanazozikariri hadi zikawaganda ndimini. Mojawapo huwausia hivi: ukisikia kishindo cha kwato, mdhanie farasi, usimdhanie pundamilia. Inanasibishwa na Theodore Woodward, mwalimu wa tiba katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Maana yake ni kwamba daktari aanze na ugonjwa wa kawaida kabla ya kuuwaza ule wa nadra.

Hapana shaka wosia huo una busara. Lakini mtu aliyelala Narok akisikia kwato usiku, kwa nini amdhanie farasi? Neno "kawaida" halikamiliki maana mpaka tuulize: kawaida ya wapi?

Tuchukue mfano wa saratani inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Ulaya, huyo ni pundamilia. Kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi. Uvimbe wake hukua upesi mno, ingawa aghalabu hutibika ukiwahiwa. Tabibu anayeushuku jino bovu, kwa kuwa ndivyo alivyokariri, humpotezea mtoto siku asizoweza kumrudishia.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Sisi nasi tumemfuga farasi wetu: homa ni malaria. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa, kumbe huenda nimonia ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Agizo lilibadilika kwa siku moja. Mazoea ya ulimi hayabadiliki hivyo.

Sisemi wanafunzi waache kukariri. Neva 12 za ubongo hazikumbukiki kwa kutazamwa tu. Ninalowaomba wakufunzi ni hili: kila wanapofundisha msemo, waseme ulizaliwa wapi, kisha wamuulize mwanafunzi, hapa kwetu farasi ni yupi? Mgonjwa hana uwezo wa kuisahihisha methali ya daktari wake.