Kazi na Amana: Joto Lililofichwa kwa Utepe



Mwezi huu twapenda kusema na vijana waendeshao pikipiki, na mafundi wazitengenezao, na wazee wanaozimiliki, juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, lakini hasara yake si ndogo. Nalo ni soketi za waya za chaji, ambazo hupata moto ndani kwa ndani hata zikaungua, na mwenye chombo asijue ila siku taa inapomzimikia njiani.

Huenda msomaji akauliza: Haya na dini yana uhusiano gani? Twajibu kuwa yana uhusiano mkubwa. Mtu apandaye nyuma ya pikipiki amemkabidhi dereva uhai wake, na mwenye pikipiki amemkabidhi mali yake, na zote mbili ni amana. Tazameni hali ya wilaya ya Kilosa. Abiria ashukaye stesheni ya Kilosa kwa treni ya umeme, ambayo ilianza safari za baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mara nyingi humaliza safari yake kwa bodaboda mpaka kijijini kwake. Na Mikumi iko kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa, nayo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo tembo, nyati na twiga huvuka lami usiku na mchana. Kijana aliyepakia mama mgonjwa usiku, taa ikamzimikia mahali kama hapo, hana wakati tena wa kujifunza habari za waya. Yampasa awe amejifunza kabla.

Basi kwanza tueleze umeme wa chaji unatoka wapi. Ndani ya injini, ubavuni, mna koili za waya wa shaba, na sumaku inayozunguka pamoja na injini. Sumaku ikizunguka, koili huzaa umeme. Umeme huo hupita katika waya, ambazo katika pikipiki nyingi ni tatu na rangi yake ni ya manjano, mpaka kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kazi ya rektifaya ni mbili: kuugeuza umeme huo uwe wa namna inayofaa betri, na kuuzuia usizidi kiasi. Kutoka hapo huenda kwenye betri, kwa kupitia fyuzi. Baina ya koili na rektifaya, na baina ya rektifaya na betri, pana soketi za plastiki zenye ncha za chuma ndani yake, dume na jike. Hapo ndipo penye maneno yetu.

Mtaalamu wa Uingereza, James Prescott Joule, alieleza mwaka 1841 kuwa joto la waya upitishao umeme hufuata mambo mawili: ukinzani wa waya, na umeme upitao uliozidishwa kwa wenyewe. Tutoe mfano. Tuseme umeme upitao ni ampea 7. Saba mara saba ni 49. Ncha za soketi zikiwa safi na zimekazana, ukinzani wake huwa mdogo mno, tuufanye 0.01 ya omu, na joto litakuwa karibu nusu wati tu, ambalo upepo hulipeperusha. Lakini ncha zikiingia kutu na kulegea, ukinzani ukafika 0.2 ya omu, joto hukaribia wati 10. Wati 10 zilizofungiwa ndani ya kiplastiki kilicho mfano wa kidole gumba zatosha kukiyeyusha.

Na ubaya wake ni kuwa maradhi haya hujilisha yenyewe. Joto hulegeza ncha ya jike ambayo kazi yake ni kubana. Ikilegea, ukinzani huongezeka; ukinzani ukiongezeka, joto huzidi; na joto likizidi, ncha hulegea zaidi. Kwa hiyo soketi iliyoanza kuungua haiponi kwa kuachwa.

Sababu za mwanzo kwetu ni nyingi. Vumbi la njia za vijijini wakati wa kiangazi, na matope ya masika, huingia ndani ya soketi. Watu wa Kilosa hawakusahau mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyobomoa nyumba na kuharibu hata reli. Na pikipiki iliyozama majini, hata ikikauka nje, hubaki na unyevu na kutu katika viungo vya waya. Sababu nyingine ni mtikiso, na nyingine ni kuoshwa kwa maji ya mpira yenye nguvu chini ya kiti. Tena kuna tamaa ya kuongeza taa za ziada, redio na chaji za simu, ambazo waya za chombo hazikukadiriwa kuzibeba.

Dalili ni hizi: betri hufa upesi ingawa ni mpya, taa hufifia, au hupepesa chombo kinapopita penye mashimo, hunukia harufu ya plastiki iliyoungua chini ya kiti, na ukiifungua soketi waiona imegeuka rangi ya hudhurungi au nyeusi, au dume na jike zimegandana. Wengi wakiona betri imekufa hununua nyingine, na baada ya miezi michache nyingine tena, na huku ugonjwa uko mahali pengine kabisa.

Kupima si kazi ngumu, bali yahitaji mita ya kupimia umeme na subira. Injini ikiwa imezimwa na imetulia, betri nzima ya volti 12 iliyojaa huonyesha kiasi cha 12.6. Washa injini, vuta mafuta kwa wastani: mita yapasa kuonyesha baina ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Ikipita 15, imezidi, na rektifaya ichunguzwe.

Ikiwa chaji haifiki, usikimbilie kununua kitu. Injini ikiendelea kwenda na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na nyingine kwenye waya wa chanya utokao rektifaya, nyuma ya soketi. Yapasa mita ionyeshe karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, basi umeme unapotea baina ya hapo na hapo, nao unageuka joto. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, baina ya hasi ya betri na waya wa hasi wa rektifaya. Kisha zima injini, uchomoe soketi ya waya za manjano, upime baina ya waya na waya. Katika pikipiki zenye waya tatu, vipimo vitatu vyapasa kulingana na kuwa vidogo, aghalabu chini ya omu moja. Wala waya wowote usiguse mwili wa injini. Lakini pikipiki ndogo nyingine zina mpango mbali, kwa hiyo kitabu cha chombo kiangaliwe. Na tahadhari: injini inapokwenda, waya za koili huweza kuwa na makumi ya volti. Usizishike zikiwa wazi.

Sasa matengenezo. Kwanza fungua hasi ya betri. Kata soketi iliyoungua, pande zote mbili, dume na jike. Kwani ukibadili upande mmoja tu, ule mbovu utauunguza mpya. Ambua waya uitazame shaba yake. Ikiwa nyeusi, rudi nyuma ukate tena mpaka uikute inang'aa. Na waya ukiwa mfupi, uongezwe kwa waya wa unene ule ule au zaidi. Bana ncha mpya kwa koleo lake, kisha uvute kwa mkono: ikichomoka, haikubanwa. Tia grisi inayofaa viungo vya umeme ili kuzuia maji. Safisha mahali rektifaya ilipofungwa, ipate kugusa chuma na kupata upepo. Funga waya mbali na injini na mbali na shingo ya usukani, kisha pima tena kama mwanzo. Fyuzi ikikatika, irudishwe ya kiasi kile kile; kutia kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuuondoa ulinzi wa chombo ambacho tangi lake la petroli liko juu kidogo tu ya waya hizo.

Ndugu zetu mafundi, hapa twataka kusema nanyi khasa. Iko dasturi ya kusokota waya mbili kwa vidole, kuzizungushia utepe mweusi, na kumwambia mteja kuwa kazi imekwisha. Nje kunapendeza, ndani moto ni ule ule. Imepokewa na Abu Huraira, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru kuwa mvua ndiyo iliyolowesha. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu, watu wakauona. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Angalieni kuwa muuzaji yule hakuleta ile mvua. Kosa lake lilikuwa kuficha. Vivyo hivyo fundi hakuiunguza soketi, bali akiifunika naye ajua, ameingia katika ghushi.

Na wenye pikipiki nao wana sehemu yao. Kijana anayedaiwa hesabu kila jioni, hata siku chombo kilipolala kwa fundi, atakwenda na waya zinazonuka kuliko kurudi mikono mitupu. Mwenye mali ampe nusu siku ya matengenezo bila ya kumdai, kwani nusu siku ni nafuu kuliko chombo kuteketea. Na kijana naye asiifiche dalili kwa kuogopa kugombezwa.

Mwenye kusema kuwa ajali ni majaaliwa amesema kweli, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza kisha kutawakali. Basi leo jioni, baada ya sala ya Alasiri, injini ikiwa imepoa, inua kiti cha pikipiki yako, uondoe huo utepe, uangalie ulichofunikwa.

Wabillahi tawfiq.