Roboti Hana Shida, Shule Ndiyo Ina Shida

Vijana wenzetu wa Rukoki, Kasese na Bwera, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa: leo tunaongea juu ya katuni. Msicheke kwanza.

Jumamosi moja tulikaa na watoto. Kompyuta moja juu ya meza, spika ndogo, watoto wamebanana kwenye mkeka mpaka nje ya mlango. Kwenye flashi tulikuwa na katuni inaitwa My Life as a Teenage Robot. Iko kwa Kiingereza, basi sisi wenyewe tukawa ma-VJ kama wale wa vibanda vya video. Mmoja anapunguza sauti, mwingine anatafsiri kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Katikati mtoto mmoja akauliza: "Yaya, huyu roboti iko na kadi ya rasheni?" Mwenzake akamjibu kabla hatujafungua mdomo: "Bado. Alifika juzi tu."

Tulicheka mpaka tukasimamisha katuni. Lakini jioni, tukikunja mkeka, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ule mtoto alikuwa ameelewa ile hadithi kuliko sisi tuliokuwa tunaitafsiri.

Kwa ambaye hajaiona: katuni hii iliundwa na Mmarekani Rob Renzetti, ikaanza kuonyeshwa kwenye Nickelodeon mwezi wa Agosti 2003, ikaenda misimu mitatu. Yaani ni ya zamani kuliko watoto wote waliokuwa kwenye ule mkeka. Jenny ni roboti msichana. Jina alilopewa alipoundwa ni XJ-9. Aliyemuunda ni mwanasayansi, Dr. Wakeman, ambaye Jenny anamwita mama, na kazi aliyomuundia ni kuilinda dunia. Anaruka angani, mikono yake inageuka silaha, anapigana na wavamizi wa kutoka sayari nyingine. Lakini yeye mwenyewe anachotaka ni kwenda shule ya sekondari kama vijana wengine wa mji wa Tremorton, apate marafiki, aalikwe kwenye sherehe. Huko shuleni kuna mabinti wawili wanaojiona, Brit na Tiff, na kazi yao ni kumdharau. Ndiyo kichekesho chenyewe: mtu anayeokoa dunia asubuhi, mchana hana wa kukaa naye.

Kuna kipindi kimoja Jenny anavaa ngozi ya bandia ili afanane na binadamu. Kumbe ndiyo anatisha zaidi.

Hiyo ngozi sisi tunaijua. Tumeivaa. Kuna kati yetu wenye jina moja la nyumbani na jina lingine la shuleni, ambalo mwalimu anaweza kulitamka. Kuna wanaosema wametoka Bwera wakati walivuka Mpondwe na godoro kichwani. Kuna waliojifunza kukaa kimya darasani muhula mzima ili lafudhi isiwatoe. Sokoni Kasese, mtu wa Beni au Butembo anapumua kidogo, kwa sababu Kinande chake na Lhukonzo ya hapa zinaelewana kama ndugu. Mtu wa Bunia au Rutshuru mara nyingi hana hata hiyo. Lakini mlango wa darasa ukifunguliwa tunakuwa sawa sote. Kuanzia P4 kila kitu ni Kiingereza, na sisi shule yetu kule ilikuwa ya Kifaransa.

Mmoja wetu kule Kongo alikuwa ameshafika mwaka wa pili wa sekondari. Alipovuka, shule moja ikamrudisha P6. Alikaa na watoto wa miaka kumi na moja, magoti yanagonga meza. Hesabu zile zote alikuwa anazijua. Ila swali lilikuwa limeandikwa kwa maneno ambayo hajawahi kuyaona. Mwisho wa muhula ripoti ikaja imeandikwa kwamba ni mzito wa kuelewa. Hakurudi muhula uliofuata. Leo anabeba matofali, na bado akiona watoto wanafanya hesabu anachungulia daftari lao na kuwasahihisha.

Sasa tuulizane: hapo mwenye shida ni nani? Ni yule kijana, au ni lile darasa lililompima Kiingereza likaandika kwamba limepima akili?

Tunasema hivi kwa sababu tumechoka kidogo na maneno fulani. Kila warsha tunaambiwa "jiamini", "uwe wewe", "jifunze kuchangamana". Ni maneno mazuri, wala hatuyakatai. Lakini angalieni yanamtuma nani kazi. Yanamtuma roboti peke yake. Roboti ajiamini, roboti achangamane, roboti abadilike. Shule inakaa pale pale, inamsubiri.

Na hatusemi Uganda ni mbaya. Hapana. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema kwenye elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Hiyo si kitu kidogo, na tunaishukuru. Lakini ukiwapa watu wawili mtihani uleule, mmoja anaijua lugha ya swali na mwingine haijui, hujawatendea sawa bado. Umewapa karatasi sawa tu.

Tena kuna jambo linalotuchekesha na kutuuma kwa wakati mmoja. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likataka kifundishwe shuleni, msingi na sekondari. Wapi watapatikana wa kukifundisha? Si wamekaa nyuma ya darasa, kimya, wanaandikiwa "wazito wa kuelewa"! Ndiyo, Kiswahili chetu cha Kongo si kile cha kitabu. Tunasema "iko na" pale kitabu kinaposema "ana". Tutafundishwa sarufi, hatukatai. Lakini mtoto anayekiongea tangu azaliwe anaweza kumsaidia mwenzake wa Kasese kukiongea, na mwenzake amsaidie Kiingereza. Wote wawili wangetoka na kitu. Jenny naye ndivyo alivyo: mji mzima unamtegemea akiwa angani, lakini shuleni anaonekana hana faida.

Kwa nini jambo hili si la mchezo? Kwa sababu ya Vexus. Huyo ni malkia kwenye katuni, anatawala dola la maroboti linaloitwa Cluster. Anataka Jenny aachane na binadamu ajiunge naye. Na ushawishi wake una nguvu kwa sababu una ukweli ndani yake: kweli binadamu wengine wanamdharau Jenny. Sisi tuliotoka Kivu na Ituri hatuhitaji kutafsiriwa hapo. Vexus wetu tunamjua. Wengine alikuja kwao na bunduki, akasema njoo, sisi ndio watu wako. Wengine anawajia na ahadi ya kazi mjini ambayo haina anwani. Hamtafuti kijana aliye na rafiki, na daftari, na mwalimu anayemjua kwa jina. Anamtafuta yule aliyeacha shule na anakaa nyumbani mchana.

Jenny ana sababu ya kubaki. Jirani yake, Brad, alimkubali akiwa chuma hivyohivyo, bila ngozi ya bandia. Brad si shirika. Hana bajeti wala fulana yenye nembo. Ni kijana wa jirani tu.

Na hapa lazima tujiseme na sisi. Mwaka wetu wa kwanza tulichekwa. Mwaka wa pili tukajua Kiingereza kidogo, na wakaja wapya. Tulifanya nini? Tuliwacheka. Tulimwiga yule aliyesema "merci" kwa mwalimu, tukamwiga wiki nzima. Tuliokuwa XJ-9 jana, leo tumekuwa Brit na Tiff. Hilo hakuna shirika lililotufundisha, na hakuna shirika litakalotuondolea. Ni letu.

Basi tunaomba mambo matatu, na la tatu tunajiomba wenyewe.

Kwanza, mtoto akiandikishwa, apimwe hesabu na kusoma kwa lugha anayoijua kabla ya kuambiwa aende darasa gani. Kama mwalimu haijui hiyo lugha, tuiteni. Tupo, tunajitolea, tunaweza kukaa pale asubuhi moja na kumsomea swali kwa Kiswahili au Kifaransa. Halafu apewe miezi ya Kiingereza cha haraka pembeni, huku akibaki kwenye darasa la umri wake pale inapowezekana.

Pili, ninyi wa mashirika: mkiandaa mafunzo ya kuchangamana, msitualike wakimbizi peke yetu. Waiteni walimu, waiteni wanafunzi wa hapa, waiteni wazazi wa hapa. Nao wana shida zao: madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, na hawakuulizwa kama wako tayari kupokea watu. Wakisikilizwa nao, wengi wao watakuwa kina Brad. Tunajua kwa sababu tunao baadhi yao humu kwenye kikundi.

Tatu, sisi. Kila mmoja wetu anayesoma achukue mgeni mmoja. Mmoja tu. Amwonyeshe choo kiko wapi, mwalimu gani ni mkali, neno gani likisikika maana yake ni mtihani. Akae naye wakati wa uji. Hiyo haihitaji mradi.

Jumamosi iliyofuata tuliendelea na katuni. Yule mtoto wa kadi ya rasheni alikuja mapema, akakaa mbele. Pembeni yake alikuwa amemleta mwingine ambaye hatukuwa tunamjua, mdogo, haongei. Tukaanza kutafsiri, yeye akatukatiza: "Yaya, ngojeni kwanza. Huyu alifika juzi tu. Anzeni mwanzo."

Tukaanza mwanzo.