Mashine ya Matunda Ilale na Maziwa



Katika shule yetu iko mashine moja ya kukaushia matunda, ambayo kaka zetu wa zamani walituletea kuwa zawadi. Ni sanduku la bati lenye mlango mbele, trei sita ndani, feni nyuma, na swichi ya kuchagulia joto tangu digrii 35 hata 70. Mchana hukausha mananasi, ndizi, na matofaa ya huku kwetu Kigezi. Usiku, tangu muhula uliopita, mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukiitumia kwa kugandishia maziwa. Sasa yamezuka maneno. Chama cha Kilimo chasema ya kuwa tumewanyang'anya mashine yao. Mmoja wa kaka zetu ameandika barua kwamba zawadi ya matunda haikutolewa ili ichezewe kwa maziwa. Na kamati ya shule itakaa mwezi huu ili kukata shauri. Mimi ni mmoja wa washitakiwa, basi msinitazamie niseme kama hakimu. Lakini nitajitahidi kusema kweli hata pale ambapo kweli hainifai.

Neno letu lote lilianza na ndoo. Siku za kazi maziwa ya ng'ombe wa shule yakizidi hununuliwa na gari la maziwa. Jumamosi jioni na Jumapili gari haliji. Jikoni huchukua ya chai, wagonjwa wa zahanati hupata yao, na yaliyobaki hukaa mpaka Jumatatu, yakanuka, yakamwagwa. Nimeyaona kwa macho yangu yakimwagwa nyuma ya zizi, na asubuhi ile ile nimewaona vijana wa kidato cha kwanza wakinunua yogati dukani barabarani, kikombe kidogo chenye sukari nyingi na rangi ya waridi, kwa fedha walizopewa na mama zao za kununulia madaftari. Jambo hili lilinichoma. Mtu anayemwaga maziwa nyumbani akaenda kununua maziwa barabarani, kwetu watu humcheka.

Wako waliotuambia, “Wazee wetu waligandisha maziwa bila umeme, ninyi mwataka mashine ya nini?” Swali hili ni zuri, na nimelifikiri sana. Majirani zetu wa Ankole wana amakamo yao, Wanyarwanda wana ikivuguto, Wakalenjin wa Kenya wana mursik, na kote Uganda mtu akitaja bongo anafahamika. Maziwa hayo hulala katika kibuyu au chombo cha mti mahali pa kawaida ndani ya nyumba, nayo huganda polepole, kwa sababu vijidudu vinavyoyagandisha hupenda joto la wastani tu. Yogati ni ndugu yao, lakini si wao. Vijidudu vyake ni vya namna mbili vinavyofanya kazi pamoja, na vyapenda joto la digrii 40 mpaka 45. Chini ya hapo vyasinzia, na kadiri joto linavyopita hapo vyadhoofika, kisha vyafa. Kimoja kati ya hivyo kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa akisoma udaktari katika mji wa Geneva, akichungua yogati ya kwao. Nataja habari hiyo kwa ajili ya wale wanaodhani yogati ilizaliwa dukani. Hata jina lenyewe ni la Kituruki. Ni chakula cha wachungaji, kama vile bongo.

Basi, mtu wa Kampala au wa pwani aweza kufunga chupa yake ndani ya blanketi akalala usingizi, na asubuhi akakuta imeganda. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku ukungu hushuka mpaka mlangoni. Tulijaribu blanketi kabla ya kuigusa mashine ya mtu ye yote. Chupa ya nusu lita iliyoingia blanketini na digrii 44 saa tatu usiku, ilipofika saa sita ilikuwa na 31. Asubuhi tulipata maziwa mepesi yenye uchungu kidogo, ambayo hata paka wa jikoni aliyanusa akaenda zake. Hapo ndipo mmoja wetu alipouliza, “Na lile sanduku la mananasi, si lina joto?”

Yafaa niseme jinsi tunavyofanya, maana wengi wanaotupinga hawajapata kuja kuona. Kwanza twayapasha maziwa moto polepole mpaka yafike digrii 85 au zaidi kidogo, nasi huyaweka hapo kwa muda wa nusu saa tukiyakoroga yasiungue. Moto huo una kazi mbili. Wa kwanza ni kuua vijidudu vya magonjwa, hasa homa ya brusela, ambayo watu wa nchi hii ya ng'ombe waijua vizuri. Na hapo nawaomba radhi wazee wetu, maana maziwa mabichi yana hatari yake hata yakiwa yamelala katika chombo kizuri namna gani. Kazi ya pili ni kuibadili protini ya maziwa ili yogati isimame imara, isiwe maji maji. Kisha twayaacha yapoe mpaka digrii 44, twatia mbegu, yaani vijiko viwili vya yogati ya juma lililopita kwa kila lita, twajaza chupa za jemu zilizooshwa kwa maji ya moto, na kufunika. Trei za mashine twaziondoa zote isipokuwa ya chini, nazo chupa kumi na mbili zaenea. Saa tatu usiku mlango wafungwa, saa kumi na moja alfajiri wafunguliwa. Ndiyo yote.

Lakini msidhani tulifaulu siku ya kwanza. Mara ya kwanza hatukufunika chupa. Feni ya mashine kazi yake ni kukausha, nayo haikujua kwamba usiku ule ilikuwa na wageni. Ikakausha uso wa maziwa ukawa kama ngozi ya ngoma. Zaidi ya hayo, mchana wake Chama cha Kilimo walikuwa wamekausha vitunguu. Sitasahau ladha ya yogati ile siku zote za maisha yangu. Tangu siku hiyo twafunika, na sanduku twalifuta kwa siki na maji.

Mara ya pili tuliamini namba iliyoandikwa kwenye swichi. Tuliweka 45, tukapata kitu kilichojitenga, maji ya kijani juu na mabonge chini. Mwalimu wetu wa kemia alicheka, akatupa kipimajoto, akasema tuweke chupa moja ya maji kati ya zile za maziwa, tuipime. Maji yalisoma 49. Tukarudisha swichi kwenye 40, na maji yakasimama kwenye 43. Kumbe namba ya swichi ni maoni ya mtengenezaji tu! Kila atakayetumia mashine ya namna hii na aanze na chupa ya maji.

Mara ya tatu ndiyo iliyotuaibisha. Kila kitu tulikifanya sawasawa: moto, kupoza, mbegu, joto, muda. Alfajiri tukafungua mlango, na lita sita za maziwa zilikuwa maziwa vile vile, kama tulivyoyaacha. Bweni zima lilikuwa limeahidiwa. Vijana walituita “Madaktari wa Maji” kwa muda wa wiki mbili, na barua ile ya malalamiko iliandikwa siku hizo hizo, ikisema kwamba mashine imeharibiwa. Mashine haikuharibiwa. Nilikwenda zizini kwa mzee anayekamua, nikamwuliza kwa adabu kama ng'ombe wana jambo. Akasema, “Mwanangu, yule mwekundu alichomwa sindano ya chuchu siku ya Alhamisi. Hamkuniuliza.” Dawa ya kuponya uvimbe wa kiwele huua vijidudu, nayo haichagui kati ya vijidudu vibaya na vile vya yogati. Inapita ndani ya maziwa kwa siku kadhaa, nayo mbegu yetu ilikufa humo. Na tufikiri jambo hili: maziwa yale yale yangekwenda katika chai ya shule nzima, wala hapana ambaye angejua kwamba anakunywa dawa ya ng'ombe. Sasa mzee hufunga kitambaa mkiani mwa ng'ombe mwenye dawa, na maziwa yake hutengwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Hiyo ni faida moja ya uchezaji wetu ambayo mwandishi wa barua hakuitaja.

Naja kwa Chama cha Kilimo, maana wao wana haki kuliko wanavyosema wenzangu. Mananasi yataka joto la karibu digrii 57 na saa kumi au zaidi. Yakitiwa asubuhi huenda jioni hayajakauka, na tukiyatoa ili kuweka chupa zetu, yanarudia unyevu na kuota ukungu. Hili lilitokea mara moja, na kosa lilikuwa letu. Wala vitu hivi viwili haviwezi kukaa pamoja, kwa kuwa joto la nanasi laua mbegu ya yogati. Tena matunda makavu huleta fedha kutoka kwa wageni, na yogati yetu hailetii shule hata shilingi. Wenzangu walitaka usiku wa kila siku. Mimi nilikataa, na hata sasa nakataa. Twaomba usiku mbili tu, wa Jumamosi na wa Jumapili, kwa sababu hizo ndizo siku ambazo maziwa hubaki. Siku nyingine gari la maziwa laja, na mashine ni yao, mchana na usiku.

Atakayefanya hesabu ataniambia, “Chupa kumi na mbili za nusu lita ni lita sita. Lita sita ni vikombe thelathini. Shule hii ina wanafunzi mia nne.” Naam, hesabu ni sahihi, nami sina jibu la kuikanusha. Mashine haitalisha shule. Ndiyo maana twagawa kwa zamu, bweni kwa bweni, nao wagonjwa hutangulia, hasa wale ambao tumbo lao hunguruma wakinywa maziwa mabichi. Yogati huwapatana zaidi, maana vijidudu vimekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa kabla yao.

Ila kuna jambo ambalo mashine imetufundisha, na hilo ndilo ninalotaka kamati ilisikie. Baada ya kujua kwa hakika joto linalotakiwa, tulirudi kwenye njia ya blanketi tukiwa na akili zaidi. Tulichukua sufuria kubwa ya jikoni ya lita ishirini, tukaifunika vizuri, tukaizika ndani ya sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu, na gunia juu. Chupa ndogo hupoa upesi. Sufuria kubwa hushika joto lake. Tuliiweka na digrii 45 saa tatu usiku, na alfajiri ilikuwa bado na 38. Iliganda. Haikuwa nzito kama ile ya mashine, lakini iliganda, na haikula umeme hata kidogo. Basi kama kamati yauliza mashine yafaa nini kwa maziwa, nasema: yafaa kutunza mbegu. Sufuria ikishindwa usiku wa baridi kali, mbegu yaharibika, na juma linalofuata hatuna la kuanzia; chupa kumi na mbili ndani ya sanduku la bati zatuhakikishia kwamba mbegu njema ipo. Mashine iwe kitalu, nayo sufuria iwe shamba.

Kaka uliyeandika barua, nakuheshimu, na nanasi lako nimelila kwa furaha. Ukija siku ya sherehe ya shule, nitakupa kikombe kisicho na vitunguu.

Limebaki moja, nalo lanisumbua kuliko kesi yenyewe. Mwezi wa kumi na moja sisi wa kidato cha sita twaanza mitihani, kisha twaondoka, na wenzangu wote wanne ni wa kidato changu. Mbegu ni kitu kilicho hai. Yataka kulishwa maziwa mapya kila juma. Ikiachwa wiki nyingi hudhoofika, na wakati wa likizo lazima mtu wa karibu aende nayo kwao. Tukiipoteza, mtanunua kikombe cha dukani kisicho na sukari wala rangi, chenye mbegu hai, mkaanza upya, na kila kosa nililolitaja hapa mtalirudia tena. Namtafuta kijana wa kidato cha pili au cha tatu anayeamka mapema bila kupigiwa kengele, na ambaye haoni haya kwenda kumwuliza mzee wa zizini habari za ng'ombe. Chupa ya mbegu iko ndani ya friji ya zahanati, imefungwa uzi mwekundu shingoni. Jumapili baada ya sala nitakuwa chini ya mikaratusi karibu na jiko. Aje na kijiko chake.