Mfuko wa Tumboni na Kazi Zetu za Kila Siku

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulificha hata kwa waume zao. Ni mfuko unaobandikwa tumboni kupokea haja kubwa, baada ya daktari kuutoa utumbo nje kupitia tundu dogo. Huwekewa mgonjwa wa saratani, aliyejisokota au kutoboka utumbo, mama aliyechanika vibaya katika kujifungua, na hata mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Kwa wengine tundu hilo hufungwa baadaye, kwa wengine ni la maisha.

Hapa Kagera wapo wanaorudi nyumbani kutoka Bugando, ng'ambo ya ziwa, au kutoka hospitali za hapa mkoani, wakiwa na mifuko michache mkobani. Ikiisha, hufunga nailoni kwa kitambaa. Nailoni haishiki ngozi, hivyo kinyesi hutambaa na kuichubua. Mama mmoja tuliyemtembelea Muleba alikuwa ameacha ibada, ameacha vikundi, na amehamia chumba cha watoto. Ugonjwa ulikuwa umekwisha, ila kuvuja kulikuwa kumemfungia ndani. Alipopata mfuko unaomfaa na kuonyeshwa namna ya kuukata, alirudi kwenye shughuli zake.

Je, mfuko unaofaa ni upi? Kwanza, ujue utumbo wako umetokea wapi. Ukiwa ni utumbo mpana, upande wa chini, kinyesi huwa kizito. Ukiwa ni utumbo mwembamba, hutoka majimaji makali yanayounguza ngozi upesi. Mwenye majimaji anahitaji mfuko wenye mdomo chini, unaofunguliwa na kumwagwa chooni kisha kubanwa tena. Upo pia mfuko uliofungwa, ambao hutupwa kila ukijaa. Huo hufaa kinyesi kizito, lakini humaliza fedha haraka. Kwa familia nyingi za kwetu, wenye mdomo ndio nafuu.

Pili, itazame siku yako. Mfuko wa kipande kimoja ni mwembamba, haujitokezi chini ya gauni, na hukunjika nawe unapoinama na jembe kibanjani. Wa vipande viwili una kibandiko kinachobaki mwilini siku tatu au nne, na mfuko wenyewe hubanduliwa peke yake. Unafaa kwa mwenye ngozi laini, asiyependa kubandua gundi kila mara, ila vipimo vya vipande vyote viwili lazima vilingane.

Fundo la khanga au kamba ya mbeleko isipite juu ya tundu. Kama upasuaji bado haujafanyika na si wa dharura, mwombe daktari au muuguzi akuwekee alama ukiwa umesimama, umekaa na umeinama, mahali unapoweza kupaona mwenyewe.

Tatu, kipimo. Tundu la kibandiko lizidi utumbo kwa milimita 2 hadi 3 tu. Likiwa kubwa, ngozi huungua; likiwa dogo, utumbo hukwaruzwa. Utumbo hupungua uvimbe katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, hivyo pima upya kila wiki. Osha kwa maji safi, kausha kabisa, na usipake mafuta ya kujipaka, kwani gundi haitashika. Bukoba yetu ina mvua na unyevu mwingi, basi usiwe na haraka ya kubandika kabla ngozi haijakauka. Mwaga mfuko ukifika theluthi. Ukijaa, uzito wake huubandua. Akiba yako iweke pakavu, mbali na jua na joto la bati.

Kwa mtoto mchanga ipo mifuko midogo. Ikikosekana, na kama tundu ni la utumbo mpana, muulize muuguzi kuhusu nepi safi inayobadilishwa mara kwa mara na dawa ya kukinga ngozi.

Ndizi na samaki endelea kula. Mwenye tundu la utumbo mwembamba atafune sana na ale kidogo kidogo vitu vigumu kusagika, kama mahindi ya kuchoma, karanga, na hata senene wetu. Anywe maji ya kutosha, na ORS anapotokwa na majimaji mengi.

Na mume? Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, tendo la ndoa halikatazwi. Mwaga mfuko kwanza, ufunike kwa kitambaa, na mzungumze. Mume anayeonyeshwa mapema huogopa kidogo kuliko anayefichwa.

Utumbo wenye afya ni mwekundu na una unyevu kama ndani ya mdomo. Damu kidogo wakati wa kuosha si ajabu. Lakini ukigeuka zambarau au mweusi, ukitoa damu nyingi, au usipotoa kitu huku tumbo likiuma na unatapika, usingoje asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya mkoa Bukoba.

Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, badilisha mfuko kwa mikono yako mwenyewe mbele ya muuguzi. Andika aina na kipimo chake kwenye daftari, na uulize utapata wapi mingine kabla ya hiyo kuisha.