Nyumbani kwa Geita ni wapi? Barua ya wazi kwa Rais wa TFF

Ndugu Wallace Karia,
Rais, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Dar es Salaam.

Ndugu Rais,

Septemba 2022 tulikuwa kijiweni kwa bodaboda hapa Biharamulo, watu wapatao kumi, simu moja inayonasa redio imening'inizwa kwenye usukani wa pikipiki. Geita Gold ilikuwa inarudiana na Hilal Alsahil ya Sudan kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Geita kwetu ni majirani. Hata Chato, iliyoko mkoani kwao leo, ilikuwa sehemu ya wilaya yetu kabla haijamegwa. Msimu uliotangulia walimaliza nafasi ya nne kwenye ligi, na George Mpole wao akaibuka mfungaji bora kwa mabao 17. Siku hiyo tulikuwa Geita wote, wa Simba na wa Yanga.

Filimbi ya mwisho ikalia, Geita 2, Hilal 1. Mzee mmoja anayeuza sigara pale akauliza, "Tumepita?" Hapana mzee, tumetoka. "Si tumeshinda?" Tumeshinda, lakini kule Sudan tulifungwa 1-0, jumla ni 2-2, na wao wamepata bao la ugenini. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ugenini wapi? Hao Geita si nao wako Dar?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu, na ndiyo maana nakuandikia.

Mashindano haya ya Afrika yamejengwa juu ya nyumbani na ugenini. Timu mbili, mechi mbili, na mkilingana anahesabiwa aliyefunga zaidi kwa mwenzake. UEFA waliifuta kanuni hiyo mwaka 2021. CAF wakaendelea nayo, na Yanga inaijua vizuri. Katika fainali ya 2023 ilifungwa 2-1 na USM Alger hapo Uwanja wa Mkapa, Dar, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, kombe likabaki Algeria. Iliuma, lakini Yanga ilipokosea nyumbani ilikosea nyumbani kweli, mbele ya watu wake. Geita ililipia bao la ugenini ikiwa Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nyankumbu, uwanja wake.

Na si Geita peke yake. Namungo ya Ruangwa iliwahi kufika hatua ya makundi, msimu wa 2020/21, na nyumbani kwake kukawa Dar es Salaam. Kwenye magazeti tunaitwa "timu za mikoani", kama kwamba Dar si mkoa. Timu ya mkoani ikipata tiketi ya Afrika, kitu cha kwanza inachopoteza ni mkoa wake.

Siwalaumu CAF. Wanataka taa, viti, vyumba vya kubadilishia nguo vinavyoeleweka, eneo la kuchezea lisilogeuka bwawa mvua ikinyesha. Ni haki yao. Lakini mwaka 2025 tuliona kinachotokea nchi ikiwa na nyumba moja na paa likavuja. Mkapa ilikuwa na matatizo ya eneo la kuchezea, Simba ikahamishiwa Zanzibar, na marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane yakachezwa Amaan tarehe 25 Mei. Sare ya 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco. Amaan ni uwanja mzuri na Wazanzibari walijaa, sina neno nao. Ila Simba yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, siku ile ilikuwa imepewa hifadhi.

Agosti 2024 tuliwacheka Vital'O ya Bujumbura. Burundi haikuwa na uwanja ulioidhinishwa, kwa hiyo mechi zote mbili dhidi ya Yanga zikachezwa Dar, hata ile ambayo Vital'O ndio waliokuwa wenyeji. Wakafungwa 4-0 "kwao" na 6-0 ugenini. Shabiki wao wa kuja kwa barabara angevuka Kobero, apite Ngara na Nyakanazi, mlangoni kwetu kabisa, aende kuitazama timu yake ikiwa nyumbani. Tulicheka sana, mpaka mmoja wetu akaitaja Geita.

Kutoka hapa kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,200: Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, miguu imevimba. Kwenda Kigali kupitia Rusumo hazifiki 400. Mtu wa Biharamulo au Ngara aliyetaka kuiona timu ya Tanzania kwa macho yake kwenye kombe la Afrika, njia fupi ilikuwa kuvuka mpaka: Yanga na APR mwaka 2016, Yanga na Rayon Sports mwaka 2018, Azam na APR mwaka 2024. Ndugu Rais, tunashangilia timu za nyumbani tukiwa na hati ya kusafiria mfukoni.

Najua utasema uwanja ni fedha, na wenye viwanja si TFF. Ni kweli. Kirumba ya Mwanza ni ya CCM, Kaitaba ni ya Manispaa ya Bukoba. Lakini mkitaka mnaweza. Fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mliipeleka Lindi mwaka 2019, Sumbawanga mwaka 2020 na Kigoma mwaka 2021. Ya Kigoma niliiendea. Vumbi tulilolipata kuanzia Kakonko lilitufanya wote tufanane, huwezi kujua jezi ipi nyekundu na ipi njano mpaka mtu ajikung'ute. Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Mimi ni Yanga, na bado naihesabu safari ile kati ya safari zangu nzuri.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili tu. Kwanza, kaeni na wenye Kirumba na Kaitaba, mtutangazie hadharani kila uwanja umepungukiwa nini ili CAF waupitishe, angalau kwa raundi za awali. Fedha za AFCON 2027 zinajenga Arusha. Kanda ya Ziwa haimo, na hatulalamiki, tunaomba orodha hiyo tu. Pili, wakati tukisubiri, ileteni fainali moja Kaitaba. Nyasi bandia zipo tayari. Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, hata zile mechi za ligi za Simba na Yanga tulizokuwa tukizifuata Bukoba zilikatika.

Majibu yako yakifika kwa maandishi, nitayabandika kijiweni, pembeni ya ratiba ya ligi. Mzee wa sigara hasomi vizuri siku hizi, macho, nitamsomea mwenyewe.

Wako katika mpira,
Shabiki wa timu ya mkoani,
Biharamulo, Kagera.